Kumrudisha nyumbani aliyemaliza matibabu ya uraibu: mwongozo wa safari kwa familia za Arusha na Moshi

Familia nyingi hujiandaa kwa kila kitu isipokuwa barabara. Chumba kimepakwa rangi, godoro limeanikwa juani, mama ameshamtenga kuku wa kuchinja, na kijana aliyekaa soba, yaani nyumba ya matibabu ya waraibu, miezi kadhaa anasubiriwa kwa hamu. Ukiuliza anarudi na usafiri gani, unajibiwa: "Atapanda gari tu, si mtu mzima?" Ni mtu mzima, ndiyo. Lakini kati ya geti la kituo na mlango wa nyumbani kuna stendi, kuna njia panda, kuna bodaboda wanaomjua kwa jina lake la maskani, na kuna saa nyingi za kukaa bila la kufanya. Mwongozo huu ni wa saa hizo.

Kwanza tuelewane kwa nini safari hii si kama safari nyingine. Mwili uliokaa miezi bila heroini huwa umepoteza ule uzoefu wa kuimudu. Kiasi kilekile ambacho zamani kilimtoa arosto tu, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa, leo kinaweza kumkatisha pumzi. Ndiyo maana siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka matibabuni ni za hatari kubwa kwa aliyekuwa akitumia unga, na wengi wanaofariki hawakukusudia kurudi moja kwa moja. Walitaka mara moja tu, ya kuaga. Pombe na vidonge navyo vina yake: chupa ya konyagi aliyokuwa akiimaliza bila kuyumba inaweza kumlaza barabarani.

Jambo la pili nimelijifunza kwa kusindikiza watu na kukaa na familia zao hapa Moshi. Gari likiwa linatembea, hatari ni ndogo. Mtu amekaa, anaangalia migomba na mlima, hawezi kushuka, na hakuna anayemuuzia kitu. Hatari inakuja gari linaposimama. Kwa hiyo panga safari kwa kuhesabu mahali mtakaposimama, kisha upunguze vituo hivyo kimoja kimoja. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Wiki mbili kabla: piga simu kituoni

Usisubiri kuambiwa "kesho njoo umchukue". Piga simu mapema, omba kuongea na mnasihi wake mwenyewe. Muulize anatoka tarehe gani na saa ngapi, anatumia dawa gani na kama zinamlaza, kliniki yake inayofuata ni lini na wapi, na kama yeye mwenyewe ametaja watu au mahali panapomtia tamaa. Halafu uliza swali ambalo watu hulisahau: je, anajua anakwenda kukaa wapi? Wapo wanaotoka wakidhani wanarudi kwenye chumba chao cha kupanga mtaa wa Unga Limited, Arusha, kumbe familia imeshaamua aende kwa babu Machame. Akiligundua hilo akiwa ndani ya gari, safari imeharibika. Alijue kabla, na alikubali kabla.

Siku ya kutoka mara nyingi inaweza kujadiliwa, hata kama mmeandikiwa tarehe. Omba katikati ya wiki, asubuhi baada ya chai. Ijumaa jioni na Jumamosi si siku zake, na mwisho wa mwezi mishahara ikitoka ndiyo kabisa, kwa sababu kila kona ya mji inanukia nyama choma na bia. Kama nyumbani kwenu kuna gulio, epuka siku ya gulio, maana marafiki wote wa zamani watakuwa pale. Na Desemba ni habari nyingine. Kuanzia katikati ya mwezi Wachagga wanapanda nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, siti zinagombaniwa, magari yanachelewa, na ukifika kijijini mbege, pombe ya ndizi, iko kila boma. Kama kituo kinakubali, mtoe mapema mwanzoni mwa mwezi au mwache asubiri hadi sikukuu zipite. Najua inauma kumwacha mtoto soba Krismasi. Nimeona akina mama wakilia kwa ajili hiyo. Bado nashauri hivyo kwa yeyote ambaye pombe ndiyo iliyompeleka pale.

Nani aende kumfuata

Mtu mmoja, wakizidi wawili. Msiende kundi zima na gari la kukodi lenye muziki. Yeye anatoka mahali penye utaratibu na ukimya, na kelele zile zinamchanganya.

Muulizeni yeye anataka nani. Mara nyingi atamtaja dada, shangazi, au mjomba asiye na maneno mengi. Mwepukeni yule aliyemkamata na kumpeleka kwa nguvu. Hata kama alifanya jambo la kumwokoa, safari ya kurudi isianze kwa kuangaliana usoni na mtu aliyemfunga kamba. Mwepukeni pia ndugu anayekunywa, hata akiahidi kwamba siku hiyo hatagusa. Na rafiki wa zamani anayesema "nitamfuata mimi, nina usafiri" mshukuruni, mkatae.

Kwa dada zetu kuna la kuongeza. Mwanamke anayetoka matibabuni asindikizwe na mwanamke, hasa safari ikiwa ndefu. Wengi wao walikuwa wanapata dawa kupitia mwanamume fulani, na mwanamume huyo wakati mwingine anajua tarehe ya kutoka kuliko hata mama mzazi. Tarehe isitangazwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na kama ana watoto wadogo, msiwalete getini. Wakutane nyumbani, akiwa ameshaoga na kula.

Msindikizaji ajue kazi yake. Yeye si askari. Ni mtu wa kukaa karibu, kulipa nauli, kubeba dawa na kuhakikisha hakuna saa inayobaki tupu.

Kuchagua usafiri

Gari binafsi ndilo bora kuliko yote, kwa sababu ninyi ndio mnaoamua lisimame wapi. Kama mna ndugu au jirani mwenye gari, huu ndio wakati wa kuomba msaada, mkachangia mafuta. Anayetoka upande wa Ngaramtoni kwenda Moshi anaweza kupita barabara ya mchepuo inayotokea Usa River bila kuingia katikati ya jiji la Arusha. Kwa mtu ambaye maskani yake ilikuwa Ngarenaro au maeneo ya stendi, kuukwepa mji kunamwondolea nusu ya mzigo. Jaza mafuta kabla ya kwenda kumchukua ili msisimame sheli.

Teksi ya kukodi inafuata. Kwa umbali mfupi, tuseme kutoka kituo kilicho nje ya Arusha hadi Tengeru, au kutoka Moshi mjini hadi Kibosho, gharama yake si kubwa ukilinganisha na ada mliyokwisha kulipa soba. Elewana bei na dereva kabla, mwambie mnakwenda moja kwa moja na hambebi mtu mwingine njiani.

Kati ya Arusha na Moshi ni kilomita 80 hivi, na wengi watapanda Coaster au Noah. Noah inakimbia, lakini haiondoki mpaka ijae, na huko kujaa ndiko kunakotutia wasiwasi. Coaster iliyobakiza siti chache inaweza kuwa bora kuliko Noah ambayo ndiyo kwanza inaanza kupakia. Angalia imebakiza wangapi kabla hujaingia. Mpiga debe atakwambia "inaondoka sasa hivi" hata kama ndani yuko dereva peke yake.

Bodaboda mwiteni kwa umbali mdogo tu, na mkiweza muachane nazo kabisa siku hiyo. Sababu ya kwanza ni usalama wa kawaida: dawa nyingi za akili na za usingizi zinalegeza mwili, na mtu mwenye usingizi hawezi kukaa vizuri kwenye pikipiki inayopanda milima ya Uru au Old Moshi. Sababu ya pili mnaijua. Kijiwe cha bodaboda ndipo habari za mtaa zote zinapokaa, na ndipo atakapoulizwa, "Oya, umetoka? Tufanyeje?"

Wa safari ndefu

Anayekwenda Dar es Salaam ana kilomita zaidi ya 550 kutoka Moshi na zaidi ya 600 kutoka Arusha. Mabasi ya usiku yalirudishwa mwaka 2023, na watu wanayapenda kwa sababu wanalala wakaamka wamefika. Kwa safari hii chukueni basi la alfajiri. Litawaingiza stendi ya Magufuli pale Mbezi kukiwa bado mchana au alasiri, na ndugu wa kuwapokea awe ameshafika. Kufika Mbezi saa tisa usiku na kusubiri pakuche kwenye viti vya stendi ni kumweka mtu mahali hasa tulipotaka asikae.

Kateni tiketi siku moja au mbili kabla, kwa majina yenu. Chagueni siti za mbele, mbili zinazokaa pamoja. Yeye akae dirishani, wewe njiani. Siti za nyuma kabisa ziacheni. Huko ndiko chupa ndogo inakozungushwa safari ikinoga.

Kabla ya kuondoka, mwonye konda kwa maneno machache: "Nina mgonjwa, anatumia dawa, tutashuka naye pamoja." Inatosha. Hana haja ya kujua mgonjwa wa nini, na habari ya mtu isigeuzwe mazungumzo ya basi zima.

Basi litasimama watu wachimbe dawa, yaani wajisaidie, na litasimama kwa chakula dakika chache mahali kama Korogwe. Shukeni wote. Msindikize hadi mlango wa choo, msubiri ukiangalia pembeni, mnunue mnachotaka, mrudi kwenye siti. Chakula kizuri ni kile mlichobeba: ndizi za kuchemsha, mayai, chapati, maji. Soda na juisi sawa. Vinywaji vya kuongeza nguvu viacheni, vinamfanya moyo uende mbio na usingizi ukate, na mwili wake bado haujatulia. Sigara ni suala lenu na mnasihi. Siku ya safari si siku ya kumlazimisha aache.

Njia ya Babati, Singida na Dodoma ina taratibu hizohizo. Kwa anayeelekea mpakani, yaani Namanga, Holili au Tarakea, kuna jambo la kuangalia zaidi. Mirungi upande wa Kenya inauzwa hadharani, kwetu ni kosa la jinai. Aliyekuwa akitafuna mirungi akishushwa karibu na mpaka ataiona, na anajua pa kuipata. Huyo gari limfikishe nyumbani moja kwa moja, asizurure senta.

Pesa na simu

Siku hiyo asibebe pesa. Hili mlizungumze naye wazi, akiwa kituoni, mbele ya mnasihi, lisiwe jambo la kumpapasa mifuko. Wengi wakiulizwa kwa heshima wanakubali, na baadhi wanasema wenyewe, "Shika wewe, mimi nikishika nitawaza." Msindikizaji abebe pesa taslimu kidogo zilizochenjiwa tayari, zinazotosha nauli, chakula na dharura, ili asianze kutafuta wakala stendi na kumwacha mwenzake amesimama.

Simu ndiyo inayosahaulika zaidi. Mtu anakabidhiwa simu yake getini, anaiwasha ndani ya gari, na ujumbe wa miezi yote unaingia kwa mkupuo: madeni ya mikopo ya simu, mpenzi aliyekasirika, msiba ambao hakuambiwa, na yule muuzaji anayeandika "vp mwanangu upo". Simu iwashwe kituoni, mapema, mnasihi akiwa amekaa karibu. Wafute namba pamoja. Aamue mwenyewe kama anabaki na laini ya zamani au anasajili mpya kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama za vidole. Akiamua mpya, ile ya zamani ikabidhiwe mtu wa familia anayeaminika badala ya kutupwa, maana huenda ina akiba au mawasiliano ya kazi.

Karatasi na dawa

Usitoke getini bila barua ya kuruhusiwa, orodha ya dawa yenye kiasi na saa za kumeza, na tarehe ya kliniki. Dawa zitoshe hadi tarehe hiyo na siku chache za ziada. Zikae kwenye mkoba wa msindikizaji, mapajani. Begi la dawa likiwekwa kwenye buti au juu ya keria linaweza kushuka na abiria mwingine Bomang'ombe, nanyi mkagundua mkiwa Moshi.

Ufuatiliaji wa afya ya akili kwa watu wa huku mara nyingi unaangukia hospitali ya Mount Meru kwa Arusha, na hospitali za Mawenzi au KCMC kwa Moshi. Kama barua inasema "hospitali iliyo karibu", mwombe mnasihi aandike jina la hospitali na siku. Karatasi isiyo na jina la mahali huishia kabatini.

Anayetumia methadoni ana sharti zito zaidi. Dawa hii, inayotolewa kwa waliokuwa wakitumia heroini na jamii yake, kwa kawaida inanywewa kila siku kliniki mbele ya mhudumu. Arusha kuna kliniki Suye. Kama anahamia mji mwingine, hakikisha kwanza kliniki ya kule imempokea kwa barua, na mjue siku atakayoanza kunywa huko. Safari ianze baada ya kunywa dozi ya siku hiyo. Kumhamisha mtu wa methadoni bila mpangilio ni kumrudisha kwenye arosto kwa mikono yenu wenyewe.

Zipo dawa za akili, haloperidoli ikiwemo, ambazo kwa baadhi ya watu zinaleta jambo linaloogopesha: shingo inakakamaa na kupinda, macho yanageuka juu, ulimi unakuwa mzito, taya linabana. Likitokea ndani ya gari, abiria wataanza kukemea pepo. Si pepo. Ni madhara ya dawa yanayojulikana, na yana tiba ya haraka. Shukeni hospitali iliyo karibu, onyesheni ile orodha ya dawa. Kwenye barabara ya Arusha hadi Moshi mna Mount Meru, mna Hospitali ya Wilaya ya Hai pale Bomang'ombe, halafu Mawenzi na KCMC. Kwa anayemeza klopromazini, mkalishe upande usiopigwa na jua, ngozi yake inaungua upesi.

Na akikohoa au akiumwa kichwa njiani, msikimbilie duka la dawa la stendi kuchukua chochote. Zipo dawa za kikohozi zenye kodeini, ambayo ni ya ukoo mmoja na heroini, na zipo zenye kilevi. Mpigieni mnasihi kwanza.

Getini, stendi, njia panda

Siku imefika. Ondokeni kituoni kwa muda unaowafikisha stendi gari likiwa karibu kuondoka. Msiwahi kupita kiasi. Watu wa kwetu tumezoea kufika stendi saa moja kabla, tukae na mizigo, leo sivyo. Mkifika, pandeni moja kwa moja, begi moja tu, mkononi. Wapiga debe wakianza kumvuta, wewe ndiye unayejibu.

Njiani, zungumzeni mambo mepesi au msizungumze. Atauliza habari za nyumbani; mjibu ukweli bila kumwagia yote. Hesabu za televisheni iliyouzwa, mahari iliyoliwa na machozi ya baba zina siku yake, na mnasihi anaweza kuwasaidia kuiandaa. Akitaka kulala, alale.

Nieleze nilichokiona Njia Panda ya Himo, pale magari ya Rombo, Marangu na Holili yanapoachana na yale ya Dar es Salaam. Dada mmoja alikuwa anampeleka mdogo wake Tarakea. Walishuka kwenye basi kutoka Arusha, wakaingia gari la Rombo ambalo, wao wakishakaa, lilibakiza abiria wawili lijae. Jua kali, dereva ameshuka anakula mahindi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na genge la vijana na chupa zao. Kijana akaanza kutikisa mguu. "Dada, nipe elfu mbili nikanunue vocha." Dada akasema, "Twende wote." Wakashuka, wakanunua vocha na ndizi za kuchoma, wakarudi. Mguu ukaendelea kutikisika. Yule dada hakusema neno, akamwita konda: "Hizo siti mbili nazilipia mimi. Tuondoke." Konda akapiga mlango, gari likatoka, na kabla hawajafika Mwika kijana alikuwa amelala begani kwake.

Kumbukeni siti hizo mbili. Wekeni kwenye bajeti pesa ya kununua siti zilizobaki. Hakuna matumizi mengine ya siku hiyo yenye faida kubwa kama hiyo.

Tamaa ikimpanda njiani

Kubalianeni kabla neno au ishara. Akisema "nasikia joto", wewe unajua. Tamaa hupanda, ikafika kileleni, ikashuka; mara nyingi ndani ya nusu saa makali yake yamepungua, hata kama ataisikia tena baadaye. Kazi yako ni kumvusha hiyo nusu saa. Mpe maji, mpe kitu cha kutafuna, mpigie mnasihi simu waongee, mwombe akueleze kitu chochote anachopenda kueleza. Usimhubirie.

Angalia pia dalili anazozificha: anauliza uliza gari litasimama wapi, anataka kushuka kabla ya kituo "nimsalimie mtu dakika moja", ghafla ana haraka ya pesa. Jibu ni lilelile, "twende wote".

Ikitokea ameshuka na kuondoka, usimkimbize ukipiga kelele. Nasisitiza hili. Stendi zetu mtu akikimbia na mwingine akipiga kelele "mshike!", watu wanasikia mwizi, na atapigwa kabla hujaeleza. Mfuate kwa mwendo wa kawaida kama unaweza, mpigie simu, piga kituoni, waambie nyumbani wasimfungie mlango.

Na kama umempata ameshatumia, msiendelee na safari kama vile hakuna kilichotokea, na asiachwe alale peke yake siti ya nyuma. Kama hamwezi kumwamsha, anapumua taratibu sana au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo na kucha zimebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo sana, huyo anakufa. Mlazeni kwa ubavu, hakikisheni kinywa kiko wazi, mkimbizeni hospitali yoyote iliyo karibu na mseme wazi ametumia nini. Msimmiminie maziwa wala maji, yataingia kwenye mapafu. Kusema ukweli kwa daktari kunaokoa muda ambao uongo ungeula.

Mita mia tano za mwisho

Watu hulegea wakishaona paa la nyumba. Jioni vilabu vimejaa, vijana wako barazani, na mtu anapita katikati yao na begi lake akiitwa kila upande. Fikeni kabla ya saa kumi. Kama kuna njia ya kupita shambani isiyogusa senta, ipiteni hiyo. Mpokeaji awasubiri barabara kuu na gari au miguu, aingie nao.

Nyumbani, mbege isiwepo siku hiyo. Najua kwa wazee wetu kumpokea mtoto bila kata ya mbege ni kama kumnyima salamu, kwa hiyo mtu mwenye heshima aende kuongea na mzee kabla, si siku yenyewe. Babu akitaka kumpokea kwa isale, jani la msamaha la Wachagga, kumwambia yaliyopita yamesamehewa, hilo ni jambo kubwa na lifanyike. Isale haihitaji pombe mkononi mwa mtoto. Kama kuna tambiko ambalo mzee hawezi kuliacha, alifanye yeye na wazee wenzake siku nyingine, kijana asiwepo.

Asiyekuwa na wa kumfuata

Wapo ambao familia imechoka, au hawana familia huku. Hao wasiachiwe nauli mkononi na kuambiwa kwa heri. Kama wewe ni mhudumu wa kituo, mkatie tiketi mwenyewe, mpandishe mpaka kwenye siti, chukua namba ya konda, na mtafute mpokeaji upande wa pili: mchungaji, imamu, balozi wa nyumba kumi, mwenzake aliyetoka kabla yake na akaendelea vizuri. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kusaidia kumtafuta ndugu au mahali pa kufikia, lakini si asubuhi ya kuondoka. Mwendee wiki kadhaa kabla. Mwandikie kwenye karatasi, si kwenye simu inayoweza kuuzwa, namba ya mnasihi, namba ya mpokeaji, na 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Kisha mpigie akiwa njiani. Akiwa Same, mpigie. Akiwa Korogwe, mpigie. Akishafika, ongea na aliyempokea pia, umkumbushe siku ya kliniki na saa ya dawa ya usiku.